Kadi ya Kazini Imefungwa, Mama Yuko Juu ya Nani?

Kwa miaka tisa mimi ndiye niliyekuwa nakata pesa za watu. Nilikuwa karani wa mishahara kwenye kampuni moja ya huduma za bandarini hapa Tanga. Kila mwezi, kabla watu hawajaona kitu, nilishatoa asilimia tatu ya mshahara wa kila mmoja, nikaongeza tatu ya mwajiri, nikapeleka hiyo sita kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Watu walikuwa wakija mezani kwangu na karatasi zao za mshahara kugombana: mbona NSSF kubwa hivi, mbona kodi imepanda. Ya bima hakuna aliyeiuliza, hata mimi yangu nilikuwa siioni. Mshahara wangu ni 780,000, bima inatoka 23,400, nafunga faili naenda kula wali.

Sasa naiona vizuri.

Mwisho wa Januari 2024 tuliitwa ofisini kuambiwa tunaachishwa kazi, na sababu tulikuwa tunaijua kabla ya bosi kufungua mdomo. Kwa msio watu wa huku: gati ya Tanga kina chake kilikuwa kifupi, kwa hiyo meli kubwa zikitia nanga huko nje, mzigo unashushwa kwenye matishari ndipo uletwe nchi kavu. Kampuni yetu ilikuwa inakula hapo hapo, kwenye matishari. Serikali ikamwaga shilingi bilioni 429.1, pakachimbwa hadi mita 13, na siku hizi meli inakuja kufunga yenyewe gatini. Sina kinyongo na gati. Mji umechangamka, na mume wangu na kirikuu chake anapata mizigo ambayo miaka mitatu nyuma haikuwepo. Lakini kazi ya tishari ikipungua, karani wa kuwalipa watu wa tishari anabaki na nani wa kumlipa?

Haki zetu tulipewa, niseme ukweli, kwa sababu hesabu nilipiga mimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Kwangu siku moja ni 30,000, mara siku saba, mara miaka tisa, 1,890,000. Jina langu nililiandika kwa mpangilio wa alfabeti kama la mtu mwingine yeyote, nikajumlisha, nikapeleka kwa bosi asaini. (Kama wewe umeachishwa na unaona umeonewa, CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanataka ufungue shauri ndani ya siku 30. Watu wengi wanakwenda pale wiki ya sita wakiwa na uchungu mwingi na muda hawana.)

Notisi ilikuwa siku 28, na hapa ndipo nina la kumwambia mtu aliyeitwa ofisini leo asubuhi: mwezi wa notisi ndio mwezi wa kuitumia kadi ya bima. Mimi nilijua mchango wa Februari ndio wa mwisho, maana ningeupeleka mwenyewe, na kadi zote zingerudishwa. Basi Februari hiyo nyumba yangu ilihamia hospitali. Mwanangu Mwanaidi alikuwa analalamika haoni ubaoni tangu kidato cha kwanza. Akapimwa macho, akapata miwani. Mama akapimwa damu, figo, macho, miguu, kila kitu ambacho mgonjwa wa sukari anatakiwa kupimwa na ambacho tulikuwa tunasema tutakwenda, tutakwenda. Mwanangu Hamza akapewa pampu zake za pumu. Mume wangu peke yake ndiye aliyekataa, anasema yeye haumwi. Wanaume wa Tanga wakiwa na usukani mkononi hawaumwi.

Tarehe 1 Machi ikafika. Kadi yangu imekwisha, na siku hiyo hiyo Mfuko ulianza kutumia kitita chake kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi nchini zikakataa bei zake na kusimamisha huduma kwa wenye kadi. Jirani yangu, ambaye mwanawe ana kazi nzuri tu, akarudishwa dirishani na kadi yake hai mkononi. Nilijisikia vibaya kucheka, lakini nilicheka. Mgogoro ule ulizungumzwa baadaye, ila mimi ulinifundisha kitu kabla sijatoa hata senti: usinunue bima kwa kuangalia picha ya hospitali kwenye kipeperushi. Uliza hospitali unayokwenda wewe, leo, inapokea nini.

Nikakaa chini na daftari. Kwanza niliandika gharama ya zamani. Asilimia sita ya mshahara wangu kwa mwaka ilikuwa 561,600. Tulikuwa watu sita kwenye kadi: mimi, mume, na wategemezi wanne, yaani Mwanaidi, Hamza, Zuhura wa miaka mitatu, na mama yangu wa miaka 68. Ni kama 93,600 kwa kichwa, na nusu yake analipa mwajiri. Kwa bei hiyo mama mwenye presha na sukari alikuwa anatibiwa sawa na Zuhura ambaye ugonjwa wake mkubwa ni kula udongo. Hakuna duka lolote la bima litakalokupa hesabu hiyo mtu mmoja mmoja. Niliuliza.

Wakala wa kampuni moja binafsi alikuja mpaka nyumbani Makorora, kavaa tai, jua lote lile. Kijana mstaarabu. Akatusifia, akanywa juisi ya ukwaju, akafungua kompyuta yake. Bei ya mimi, mume na watoto ilikuwa inaumiza lakini inasemeka. Nilipotaja mama, akauliza umri. Nilipotaja sukari, akafunga kompyuta polepole. Akasema umri ule hawamwandiki mtu mpya, na hata angekuwa kijana, maradhi aliyokuja nayo yangesubiri kwanza. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nimefanya kazi ya hesabu, najua kampuni ya bima inaishi kwa watu wasioumwa.

Vifurushi vya NHIF kwa mtu binafsi, vile vya Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya vilivyokuja 2019, mama vilikuwa vinampokea. Cha chini kabisa mwaka huo wa 2024 kilianzia 192,000, lakini hiyo ilikuwa ya kijana. Umri ukipanda na bei inapanda, na ukitaka kifurushi kinachobeba zaidi inapanda tena. Kuwaingiza wote sita huko nisingeweza, hata kwa kiinua mgongo. Kwa Hamza peke yake nilikumbuka Toto Afya Kadi, ilikuwa 50,400 kwa mwaka, mtoto anatibiwa. Lakini usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa Machi 2023, na wakati huo watoto walikuwa wanaingia kupitia shule zao au na familia nzima. Shule ya Hamza walimu wanasema wataitisha kikao cha wazazi. Kikao chenyewe sijakiona.

Kisha ilikuwepo CHF iliyoboreshwa, Mfuko wa Afya ya Jamii. Mwaka huo wa 2024 ilikuwa shilingi 30,000, kaya ya watu wasiozidi sita, mwaka mzima. Nikisema hivi kuna watu wanavuta midomo, hasa wale tuliokuwa nao ofisini: "Bima ya vijijini hiyo." Mimi nilikwenda kumuona mwandikishaji wa mtaa, akanieleza bila kunidanganya. Unaanzia zahanati au kituo cha afya, ukizidiwa unaandikiwa rufaa, na rufaa inakufikisha mpaka hospitali ya mkoa, kwetu ni Bombo. Hakuna kuamka asubuhi ukajipeleka Bombo kwa sababu umependa upepo wa bahari. Na kituoni dawa ikiwa haipo, utainunua mwenyewe. Haya, kwa watu wasio na ugonjwa wa kudumu, ubaya uko wapi? Homa za watoto, kidonda, malaria, kipimo cha mkojo, kituo cha afya cha Makorora kiko karibu, na Zuhura hajafika miaka mitano, anatibiwa bure kwa sera yenyewe. Elfu thelathini nilitoa palepale. Tukapigwa picha: mimi, mume, watoto watatu, na nafasi ya sita tukampa Jumaa, mtoto wa wifi yangu anayesoma kwetu.

Kwa hiyo waliobaki ni wawili, Hamza na pumu yake, ambaye nitamrudia, na mama.

Mume wangu ni mtu mwema. Usiku ule alisema tu, "Mama Mwanaidi, na bibi je?" Nikamwambia tutajua. Sikumwambia kwamba kaka yangu Omari kutoka Dar alishanipigia simu na kuniuliza kwa nini Jumaa asitolewe ili mama aingie. Jaribu kumtoa mtoto wa wifi yako kwenye orodha ya nyumba ya mume wako uweke mama yako, uone kama futari ya mwaka huo utaila na nani.

Kulikuwa na njia ya bure. Sera ya Afya ya 2007 inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Unaanzia serikali ya mtaa, unatambuliwa, unapata kitambulisho chako, hospitalini kuna dirisha la wazee. Nikamwambia mama baada ya kuswali alasiri, kwa upole, kama jambo dogo. Mama ni mtu wa Pangani. Alinitazama, akakunja msala wake mpaka ukawa mdogo kabisa.

"Nikaandikwe kwa mwenyekiti kuwa sina uwezo?"

"Ni utaratibu tu, mama."

"Watoto wanne nimezaa, wote wazima, mmoja mwalimu. Nikasimame mbele ya kijana yule nimwambie sina mtu?"

Nikanyamaza. Kuna watu watasema ni kiburi cha watu wa pwani, na mimi wiki ile ya kwanza nilisema hivyo hivyo jikoni peke yangu. Lakini nilipotulia niliona mama amesoma kile kitambulisho kuliko nilivyokisoma mimi. Msamaha ule umewekwa kwa mzee asiye na mtu. Yeye ana watu. Tatizo ni kwamba kwa miaka tisa watu wake hawakuwahi kuulizwa.

Na hapa ndipo ilipo habari yenyewe. Ile 23,400 yangu ilikuwa imeficha kitu kikubwa. Omari ana duka la vipuri Mbagala. Kila sikukuu analeta kanzu, doti ya kanga, na mfuko wa tende, na mama anamsifia mpaka kwa majirani. Dada yangu Mwanaisha anafundisha Muheza, anakuja na magunia ya machungwa. Athumani, mdogo wetu, ana bodaboda Korogwe, yeye analeta vichekesho. Hakuna aliyekuwa mchoyo. Ila mama akienda kliniki, kadi inaonyeshwa, dawa zinatoka, hakuna aliyetoa pesa, kwa hiyo hakuna aliyejua kuna pesa. Hata mama hakujua. Alidhani serikali inampenda.

Idi ilikuwa tarehe 10 Aprili, wote wakaja. Mchana, baada ya pilau, wakati wanaume wamelegea, nilileta daftari langu. Nilianza na Mwanaisha, maana yeye ni mtumishi wa umma na kadi anayo. Kusema kweli nilikuwa nimeshajua jibu: nafasi zake nne zimejaa, watoto wawili na wakwe zake wote wawili. Akaona haya. Akasema alipoolewa mama mkwe alikuwa mgonjwa, na mama yetu alikuwa na mimi. Ni kweli, na nilimwambia ni kweli. Lakini mtoto wake mkubwa anakaribia kuvuka umri wa kukaa kwenye kadi ya mzazi, na pale pale mbele ya watu tukakubaliana nafasi hiyo ikifunguka ni ya mama. Kwa hiyo tunachotafuta si bima ya maisha, ni daraja la mwaka mmoja, labda miwili.

Omari akaja na hoja, na haikuwa hoja ya kipumbavu. "Dawa za mama ni bei gani kwa mwezi?" Nikamwambia: amlodipine, losartan na metformin, kwenye duka la dawa la Ngamiani haizidi elfu ishirini na tano. "Basi bima ya nini? Tuweke pesa kwenye simu, akiumwa tunatoa." Athumani akaitikia. Kwa vidonge peke yake Omari alikuwa sahihi. Vidonge hivyo ni vya bei nafuu na nilishapiga hesabu hiyo. Nilimjibu mambo mawili. Kwanza, kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari: kulazwa, kusafishwa, vipimo, pengine kukatwa kidole, hiyo haina elfu ishirini na tano. Pili, pesa ya pamoja kwenye simu ya nani? Kwenye ya Athumani? Watu wakacheka, na Athumani akacheka zaidi ya wote, kwa sababu anajijua. Pesa ya mama iliyowekwa Aprili, Julai shule zinafunguliwa, mtu anasema naazima kidogo. Bima ukishailipa huwezi kuiazima. Kwangu huo ndio uzuri wake mkubwa, na sijausikia kwa wakala yeyote.

Mama alikuwa amekaa barazani na wajukuu, anajifanya hasikii. Anasikia mpaka mlio wa sufuria ya jirani.

Tukakubaliana kifurushi cha NHIF. Kabla ya kulipa nilikwenda na karatasi ya kliniki yake, nikauliza dirishani maswali ambayo hayamo kwenye kipeperushi: dawa hizi tatu zimo? Akilazwa, kikomo ni kipi? Huduma gani zinasubiri miezi kabla ya kuanza? Kliniki yake ya Bombo anaendelea nayo? Yule dada wa dirishani alinijibu moja baada ya jingine, akanionyesha kwenye orodha. Ndipo nikachagua, na sikuchagua cha chini wala cha juu. Bei siitaji, maana yako itategemea umri wa mzee wako na kifurushi, na mtu akisoma namba yangu ataacha kwenda kuuliza ya kwake.

Kulipa ni mara moja kwa mwaka, na tarehe ya kliniki ilikuwa inakaribia, kwa hiyo nilitoa mimi kwenye kiinua mgongo, wao wanirudishie kidogo kidogo. Omari 15,000 kwa mwezi, Mwanaisha 15,000, Athumani 5,000, na mimi 5,000. Omari alisema nisitoe, mama anakaa kwangu na kazi sina. Nilikataa. Sitaki jina langu likosekane kwenye jedwali halafu kesho mtu aseme mama yuko juu yangu kwa sababu mimi ndiye niliyezoea.

Tukirudi kwa Hamza. Yeye yuko kwenye CHF, lakini pumu haiandikiwi rufaa saa nane za usiku. Masika ya 2024 yalikuwa mabaya, na siku zile za kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei nyumba ilikuwa na unyevu mpaka kwenye magodoro. Alibanwa. Tulimpeleka hospitali iliyo karibu kwa pesa taslimu, akavutishwa dawa kwa mashine, alfajiri tukarudi. Baada ya hapo nimetenga mfuko wake: sehemu ya lile fao la kukosa ajira la NSSF, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwangu 259,740. Watu wengi tulioachishwa pamoja hawakuwa wanajua kwamba fao hilo lipo, na ni letu: umechangia angalau miezi 18, na kazi imekutoka si wewe uliyeiacha. Nenda na barua yako ya kuachishwa. Pampu ya bluu moja iko nyumbani, moja kwenye begi la shule, na mwalimu wake wa darasa ameonyeshwa namna ya kuitumia. Shule ikiitisha kile kikao cha bima nitakuwa wa kwanza kufika.

Watu waliniuliza kwa nini nisisubiri tu, maana Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nilijibu nitafurahi ikianza kazi. Lakini sukari ya mama haikuweza kusubiri kanuni zichapishwe.

Mama kadi ameipata, ina picha yake amenuna, na ameishonea kimfuko cha kitambaa cha kanga. Kliniki ya Mei alikwenda. Nasikia amewaambia wenzake kwenye foleni kuwa hii imelipiwa na watoto wake wanne, akawataja kwa majina.

Juni imeingia. Mwanaisha ametuma. Athumani ametuma, elfu tatu, na ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu hiyo mbili iliyobaki. Omari bado. Jana usiku niliweka jedwali kwenye grupu la familia, jina, mwezi, kilichoingia, kinachodaiwa, kama nilivyokuwa nawafanyia watu wa matishari. Akajibu kwa viganja viwili vya kuomba radhi. Nikamjibu kuwa namba ya kutumia ni ile ile, na ada ya kutolea aiweke juu.